Mfua nguo wa Roseville na wimbo ambao mama yake hakutaka kuusikia

Saa saba na robo mchana, siku ya Jumapili, Jotham Wanjala anachomoa shuka za mwisho kwenye mashine ya kukaushia, na joto linampanda usoni kama pumzi ya ng'ombe asubuhi ya baridi kule kwao Kitale.

Chumba cha kufulia kiko chini kabisa, katika nyumba ya kutunzia wazee mjini Roseville, kaskazini mwa Saint Paul, Amerika. Kina dirisha moja dogo, juu karibu na dari. Oktoba inaelekea ukingoni, na majani mekundu yanapita nje ya kioo hicho moja moja, bila haraka, kana kwamba yanatafuta nyumba ya mtu.

Jotham, mwenye umri wa miaka arobaini na sita, anakunja blauzi. Kabla ya kuiweka kwenye toroli anageuza kola na kusoma jina lililobandikwa humo kwa pasi. Analitamka kwa sauti ya chini, kisha anachukua nguo nyingine.

"Ninawaombea," anasema. "Kila nguo ina jina la mwenyewe. Nikilisoma, ninamtaja mbele za Mungu. Huyu anasumbuliwa na mgongo. Huyu watoto wake hawaji. Mwenye soksi hizi alikuwa rubani, na sasa hakumbuki njia ya kwenda chooni. Nguo zinasema mengi, ukizisikiliza."

Kazi hii ameifanya kwa miaka tisa. Analipwa dola kumi na tisa kwa saa. Anaishi mtaa wa Phillips, kusini mwa Minneapolis, pamoja na mke wake na binti yao Maureen, na ili kufika hapa hupanda mabasi mawili. Jumapili mabasi ni machache, kwa hiyo huondoka nyumbani kabla jua halijachomoza, Biblia na chakula chake vikiwa katika mfuko mmoja.

Anasukuma toroli hadi kwenye lifti, anapanda ghorofa ya pili, anaanza kugawa. Gurudumu moja linalia. Mlango wa kumi na nne, toroli linasimama.

Ndani wanaimba.

Ni wimbo wa zamani wa Kiairishi, wa mtindo wa kantri, wa taratibu, wa kumheshimu mama. Unasimulia habari za mama wa nyumba ya mawe aliyekataa kutia komeo mlangoni, kwa sababu mwanawe alikuwa amevuka bahari. Una beti tatu. Waimbaji ni watoto watano wa Nora Geraghty, mwanamke wa miaka tisini na mmoja aliyezaliwa magharibi mwa Ireland. Humwimbia kila Jumapili baada ya chakula cha mchana, wakiwa wamesimama kukizunguka kitanda, na mkubwa wao, Fiona, humshika mama mkono na kuuzungusha polepole mpaka wimbo unakwisha, kama mtu anayezungusha gurudumu la cherehani. Ndivyo walivyofanya wazee wao huko walikotoka.

Jotham anafumba macho na kusikiliza.

"Siku hizi ninaweza kusimama hapa nikatabasamu," anasema. "Mara ya kwanza niliposikia wimbo huu katika mlango huu, nilijua kuna maiti ndani."

Ili kuelewa kwa nini, ni lazima kujua wimbo huo ni nini kwa watu wa Kitale.

Nyimbo za kantri za Waairishi zilifika huko zamani, kwa redio na kwa kanda, zikaota mizizi kama mahindi. Wengi hawakufuata maneno. Waliushika mwendo wake, na neno moja, "mama", linalorudi katika kiitikio. Likatosha. Wimbo huo ukawa wa msibani. Redio iliupiga kabla ya matangazo ya vifo, na vipaza sauti viliupiga jeneza la mama wa mtu likiteremshwa kutoka garini. Ukiusikia kwa jirani, huulizi kitu. Unachukua kilo yako ya sukari, unakwenda kumpa pole.

Brigitha Nekesa, mama yake Jotham, hakutaka kuusikia nyumbani kwake. Jotham anakumbuka siku moja, akiwa na miaka tisa, akisugua sufuria huku akiuvumisha puani bila kufikiri. Mama yake aliuweka mwiko chini.

"Unanizika," alimuuliza, "na bado ninakupikia?"

Tangu siku hiyo Jotham hakuuimba tena. Akakua, akaoa, akavuka bahari, na wimbo ule ukabaki umefungiwa mahali ndani yake.

Kisha ikaja Jumapili ya Februari mwaka huu. Theluji ilikuwa imeziba lile dirisha dogo, na chumba cha kufulia kilikuwa na mwanga mweupe kama wa ndotoni. Mgeni mpya alikuwa amehamia chumba cha kumi na nne siku tatu kabla. Jotham hakuwa amemwona, ila nguo zake alizijua, maana yeye ndiye aliyezibandika majina. Kati yazo kulikuwa na gauni la buluu lenye vifungo vyeupe, limefungwa peke yake katika karatasi laini. Alipoliona alielewa kuwa hilo ni gauni lililotunzwa kwa siku kubwa.

Alipofika mlangoni na kusikia sauti tano zikiuimba wimbo ule, alisimamisha toroli. Alivua kofia. Akafikiri kama ambavyo mtu yeyote wa kwao angefikiri: mama wa watu amelala, na gauni lake liko kwangu.

Alirudi chini. Akalinyoosha gauni kwa pasi ya mvuke, mikunjo yote, hata pindo la ndani ambalo hakuna anayeliona, akiliombea jina lililokuwa kwenye kola. Kwenye lifti alikutana na Wambui, muuguzi msaidizi kutoka Murang'a, akamwambia kwa sauti ya chini kwamba mama wa kumi na nne ametutoka. Wambui alikuwa amemlisha supu mama huyo nusu saa iliyopita. Aliweka sinia chini pale pale.

"Wacha, Baba Maureen," alisema. "Mimi ndiye niko zamu. Mbona sijaambiwa?"

Lakini Jotham alikuwa tayari anakwenda, gauni limelazwa mikononi mwake, kichwa kimeinama, na Wambui nyuma yake akikimbia nusu, akitembea nusu.

Wimbo ulikuwa umekwisha alipoingia. Bila kutazama kitandani, alimpa Fiona mkono, akamwambia kwamba anashiriki msiba wao, kisha akaomba ruhusa ya kusali. Watoto wale ni watu wa kanisa, na watu wa kanisa wakisikia "tuombe" huinamisha vichwa kwanza, maswali baadaye. Jotham akasali. Alimshukuru Mungu kwa maisha ya mama huyu. Akaomba apokelewe kwa amani, na yatima hawa wafarijiwe. Hakuwa na haraka.

"Nani amekufa?" ikauliza sauti kutoka kitandani.

Jotham alifumbua macho. Nora Geraghty alikuwa ameegemea mito mitatu, miwani puani, makombo ya biskuti kifuani, anamtazama.

"Nilitaka ardhi ipasuke inimeze," anasema Jotham sasa, na anacheka mpaka anashika ukingo wa toroli. "Wambui aligeukia pazia. Mabega yake yalikuwa yanatikisika. Nilijua halii."

Hakukuwa na njia ila kusema ukweli. Alieleza, akiwa amesimama hapo na gauni mikononi, kwamba kwao wimbo huo huimbwa mama akishakufa. Kisha mama yule akanyoosha kidole na kugusa pindo la gauni.

"Sala ilikuwa nzuri," alisema. "Itunze, tutaihitaji siku moja. Na kwa kuwa gauni limenyooshwa, nivisheni."

Jioni hiyo alikula chakula ukumbini akiwa amevaa gauni la buluu, na tangu hapo Jotham akawa mtu wa chumba hicho.

Siku chache baadaye Fiona alimletea maneno ya wimbo, ameyaandika kwa mkono nyuma ya karatasi ya matangazo ya kanisa. Jotham aliyasoma chini, mashine zikinguruma, neno kwa neno, na yale magumu alimuuliza Wambui. Ubeti wa kwanza ni asubuhi za mama, taa yake na njia ya kwenda kisimani. Wa pili ni mtoto ughaibuni, anauuliza upepo kama mama bado anaketi karibu na mlango. Wa tatu ni kurudi. Mtoto anausukuma mlango usiku wa mvua, nao unafunguka.

Alisoma mara mbili akitafuta mahali ambapo mama anakufa. Hapakuwapo.

"Wimbo mzima mama yuko hai," anasema. "Sisi tumewazika mama zetu wote kwa wimbo wa mama anayesubiri. Nilikaa juu ya ndoo ya sabuni, nikalia. Kwa sababu nilikumbuka masikio ya mama yangu."

Hapo ndipo uzito wa habari hii ulipo. Brigitha Nekesa ana miaka themanini na mitatu. Sikio lake la kushoto liliziba kabisa miaka miwili iliyopita. La kulia linafuata. Daktari wa Kitale aliiambia familia kwamba huenda likadumu mwaka, labda na zaidi kidogo. Jotham alituma kifaa cha kusaidia kusikia, ila mama yake anasema kinapiga mluzi kama birika, na amekifungia kabatini ndani ya kikombe cha wageni.

Jotham hajaonana naye kwa miaka kumi na moja. Kwa muda mrefu karatasi zake za ukaazi zilikuwa bado zinashughulikiwa, na mtu aliye katika hali hiyo akitoka huenda asirudi. Sauti tu ndiyo iliyokuwa imebaki kati yao. Na sasa sauti nayo ilikuwa inafungiwa mlango.

Aliamua kumwimbia. Alichukua majuma mawili kuutafsiri wimbo kwa Kiswahili, akiujaribu kwenye basi midomo ikicheza, mpaka abiria wa kiti cha mbele akahama. Jumapili moja ya Machi, kabla ya kwenda kazini, akapiga simu. Leah, dada yake anayeishi na mama, aliiweka simu kwenye sikio la kulia. Jotham akaanza bila utangulizi. Anakiri kwamba hilo lilikuwa kosa lake.

Hakumaliza mistari miwili.

"Leah," alisikia mama yake akisema, "huko Amerika amekufa nani?"

Simu ikakatika. Jirani alikuwa amesikia, na kabla ya giza kuingia akina mama wa kanisa walikuwa wamejaa sebuleni na unga na sukari. Mmoja aliambiwa ni Jotham aliyefariki, mwingine kwamba ni mkewe. Leah aliwaeleza mmoja mmoja. Mama yake aliwaambia waende na amani, ila sukari ibaki.

Kwa Jotham alituma ujumbe kupitia Leah: asimwimbie tena kitu hicho. Akiwa na huzuni, aiseme kwa maneno kama watu wengine. Jumapili tatu zilizofuata hakuja kwenye simu.

Jotham alifunga kila Ijumaa. Anasema hakuomba muujiza mkubwa. Hakuomba sikio la kushoto lifunguke. Aliomba tu la kulia lisitangulie kufungwa kabla ya moyo wa mama kufunguka.

Aliyegundua kwamba kuna jambo alikuwa Nora Geraghty. Alimwambia Jotham kwamba siku hizi toroli linalia kuliko yeye anavyoimba. Jotham akakaa kwenye kiti cha wageni, akamweleza yote. Bibi yule alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema apewe huyo mama waongee.

Walikubaliana Jumamosi ya Aprili, saa tatu asubuhi ya Roseville, ambayo Kitale ni saa kumi na moja jioni. Jotham hakuwa zamu. Alikuja kwa mabasi yake mawili akiwa amevaa tai. Alipiga magoti kando ya kitanda na kuinua simu ili nyuso mbili zionane. Upande huu gauni la buluu. Upande ule kitambaa kipya cha kichwa, na Leah akirudia kila neno polepole kwenye sikio la kulia.

Brigitha Nekesa alimtazama mwenzake kwa muda.

"Huyu ndiye uliyemwombea kama maiti?" aliuliza.

Jotham akasema ndiye.

"Mbona amenawiri kunishinda?"

Nora Geraghty, alipotafsiriwa, alicheka mpaka Wambui akaja kutazama. Kisha akasema yake. Watoto wake walianza kumwimbia mwaka alipofikisha miaka sitini. Kila Jumapili, kwa miaka thelathini na moja. Mwambie mama yako, alisema, nimeimbiwa zaidi ya mara elfu moja na mia tano, na kifo bado hakijaipata barua.

Nyuma ya mama wa Kitale jogoo alikuwa anawika wakati usio wake.

"Muulize kama huwa haogopi," alisema hatimaye.

Jotham akauliza. Bibi Geraghty alitazama dirishani, ambako theluji ya mwisho ilikuwa inayeyuka na kudondoka kutoka ukingo wa paa.

"Mwambie niliogopa jambo moja tu," alisema. "Kwamba wangeuimba vizuri zaidi siku ambayo siwezi kuwasikia."

Jotham anasema ilimchukua muda kulitafsiri hilo, si kwa sababu ya ugumu wa maneno. Alipoweza, alimwona Leah akiinama na kulirudia sikioni mwa mama yao. Akamwona mama yao akinyanyua mkono, akikisogeza kitambaa nyuma ya sikio la kulia, na kuichukua simu mwenyewe.

"Imba," alisema. "Lakini beti mbili. Wa tatu uje nao wewe mwenyewe."

Akaimba. Uso wa mama ulitoweka kwenye kioo, pakabaki sikio tu, kubwa, limejaa kioo chote, na pete yake ndogo ya dhahabu. Jotham aliliimbia sikio hilo. Katikati ya ubeti wa kwanza alihisi mkono wake wa kushoto umeshikwa. Nora Geraghty alikuwa ameuchukua na kuanza kuuzungusha, polepole, kama gurudumu la cherehani, naye akaendelea hivyo mpaka mwisho wa ubeti wa pili.

"Sikujua niko wapi," Jotham anasema. "Mkono mmoja ulikuwa Ireland, sauti iko Kitale, magoti yako Roseville. Nilihisi kama Mungu ameikunja dunia kama shuka, pembe kwa pembe."

Alipomaliza, sikio liliondoka na uso ukarudi. Macho yalikuwa yamelowa, ila mdomo ulikuwa ule ule.

"Huyo mama wa kwenye wimbo haogopi wezi?" aliuliza. "Kuacha mlango bila komeo. Hapa wangebeba hata sufuria ikiwa motoni."

Wambui anasema tangu siku hiyo Baba Maureen amekuwa mtu mwingine. Anasahau kula. Anatembea akiangalia juu. Juzi alimpelekea yule rubani gauni la usiku la mwanamke, naye rubani akalivaa bila kulalamika.

Karatasi za ukaazi zilikuwa zimetoka mwaka jana. Tiketi imelipwa, karibu dola elfu moja na mia saba, akiba ya mwaka mzima. Likizo ya wiki tatu imekubaliwa, kuanzia katikati ya Desemba. Mpango wake ni mmoja: afike nyumbani, asimame sebuleni, amshike mama mkono na kuuzungusha kama alivyofundishwa, na kuimba ubeti wa tatu upande wa kulia.

Kwa sasa anaufanyia mazoezi chini, kwa nusu sauti, mashine zikiwa zinazunguka, ili usitangulie kufika. Mama yake hajui unasema nini, na Leah ameapishwa asimwambie. Kitu pekee anachokihofia Jotham ni wiki saba zilizobaki. Leah anasema redio ya mama sasa inapigwa kwa sauti inayosikika mpaka kwa jirani.

Alipopigiwa simu wiki iliyopita, Leah akimrudishia kila swali sikioni, Brigitha Nekesa alisema anajua mwanawe anakuja, na kwamba ndege huchelewa na barabara ya kutoka Eldoret si ya kuaminiwa, kwa hiyo huenda akafika watu wamelala. Aliulizwa kama naye ataacha mlango bila komeo.

"Nimwachie nani?" alisema. "Mlango nitafunga. Mwambie abishe. Lakini nitalalia ubavu wa kushoto, hili sikio langu zima liwe juu."